Tundu la Tisa

Bwana Fidahusein wa Upanga kaleta kofia
kaifunga kwenye khanga kuukuu ya mkewe:
ngozi nyeusi, ngumu kama kifuu,
ya polisi wa Ujerumani, anasema,
kainunua huko huko kwa mjane aliyekuwa anahama nyumba.
"Nizibie matundu, Kidawa. Na hii ing'ae."
Hii ni nyota ya bati jeupe, katikati farasi kasimamia miguu ya nyuma.

Gerezani, saa nne asubuhi.
Jirani anachomelea geti, cheche zinavuka mpaka kwangu.
Naiweka kofia benchini
kati ya birika lililovuja na medali arobaini za shule moja ya Temeke
ambazo mwalimu mkuu hajazilipia mpaka leo.

Vitabu vya vita sijasoma. Nasoma matundu.

Haya matatu ya juu, ya pembetatu,
hapa alitua tai mwenye taji.
Alikaa sana: chini yake ngozi haikupauka,
ukiiinamisha kofia kwenye mwanga unaona mbawa.
Halafu mfalme wao akakimbia,
na mtu wa stoo, nadhani, akapiga hesabu:
ndege abaki, taji litoke.
Hawakumshusha hata. Wakapitisha tupa papo hapo kichwani.
Naijua tupa inavyocheza mkononi mwa mtu asiye na hakika.
Mikwaruzo hii hapa, imekula hadi ngozi.

Mawili ya kati ni ya nyota ya kwanza,
kazi safi, ya mtu aliyelala vizuri.

Mawili haya yamechanika kingo.
Tai karudi, mbawa zimekakamaa,
kuchani kashika ule msalaba uliovunjwa mikono.
Waliomtia walikuwa na haraka.
Waliomtoa walikuwa na haraka zaidi,
bisibisi imechimba pembeni kama jino bovu linalong'olewa nyumbani.

Moja, la farasi. Skrubu moja tu, inalegea.

Manane. Lakini nikihesabu kwa kidole, ni tisa.
Lipo dogo, nyuma, usawa wa sikio.
"Msumari," anasema Fidahusein. "Mjane aliitundika ukutani."
Labda.

Sikumwambia kwamba kwetu naye alikuwepo mmoja.
Babu mzaa babu, Mbaruku, alivaa tarbushi ya Mdachi,
tai wa shaba mbele, kila alfajiri akimsugua kwa ndimu na majivu.
Mtaani wakamwita Kipanga,
mbele yake kwa heshima, nyuma yake kwa sauti nyingine,
kwa maana kiboko cha hamsa ishirini
kilikuwa na mkono, na mkono ulikuwa wake.
Alipokuja Mwingereza akamkabidhi tai,
akaweka dole gumba kwenye karatasi,
akarudi Buguruni kichwa wazi.
Ila pajini palibaki mstari wa ukingo wa kofia.
Mafuta ya nazi hayakuufuta.
Kisimani watu waliuangalia ule mstari kwanza,
ndipo wakaamua kuitikia salamu au kuinamia ndoo zao.

Nami nafanya kazi mahali panapoitwa Gerezani
na gereza lenyewe sijaliona.

Nimeyeyusha nta, nikachanganya na masizi ya kibatari,
nikaziba manane, moja baada ya jingine,
nikipoza kwa ncha ya kijiko.
Farasi nikamng'arisha hadi meno.
Nilipofika kwa lile la nyuma
umeme ukakatika, jirani akatukana, nikaweka kijiko chini.

Chande, kijana wangu wa kazi, akaivaa kofia, akasimama mlangoni.
Jua likapita kwenye kitundu
likaweka doa, kubwa kama punje ya mtama, shingoni mwake.
"Dada, nafanana na nani?"
Nikamwambia avue, jasho linaharibu ngozi.

Umeme ulirudi saa tisa. Sikurudi kwenye lile tundu.

Fidahusein aliigeuza, akaigeuza tena,
akakata elfu tano.
Nikampa na khanga yake.